Fedha Mezani, Bibi Harusi Yuko Wapi? Posa ya Kiayalandi katika Tamthilia Tatu na Kitabu Kimoja

Utangulizi

Nianze kwa kukiri kosa. Katika semina yetu ya tamthilia za Ulaya nilisoma makala niliyoyaandika kuhusu Cathleen ni Houlihan, tamthilia ya tendo moja iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 2 Aprili 1902. Nilieleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba onyesho la mwanzo linatupa familia ya wakulima ikihesabu mahari, na kwamba hapo tunaona jamii inavyomuuza binti kama ng'ombe. Mwenzangu mmoja, ambaye kwa kawaida husinzia tangu semina ianze hadi iishe, akainua mkono: "Samahani. Hizo fedha, nani anampa nani?" Nikafungua kitabu. Kumbe fedha zilikuwa juu ya meza ya baba wa bwana harusi! Zilikuwa zimetoka kwa baba wa binti. Semina nzima ikacheka, nami nikacheka nao ili kuficha aibu.

Mwisho wa wiki nikamsimulia dada yangu kisa hicho. Yeye ameolewa mwaka jana, na mambo ya posa bado anayo kichwani. Hakucheka. Akaniuliza swali jingine: "Haya, mdogo wangu, sasa umeshajua nani alimpa nani. Na huyo bibi harusi mwenyewe, alisema nini?" Nikarudi tena kitabuni.

Makala haya yametoka katika maswali hayo mawili. Nakusudia kuonyesha kwamba fasihi ya Ayalandi inayohusu ndoa haiwezi kueleweka kwa kusema tu kwamba ni mgogoro kati ya "mapenzi" na "mila", kama tulivyozoea kuandika katika mitihani. Hapana budi mhakiki afuate fedha zinakokwenda, kisha amtafute bibi harusi ili ajue kama amepewa nafasi ya kusema. Nitatumia tamthilia tatu: hiyo Cathleen ni Houlihan ya W. B. Yeats na Lady Gregory, In the Shadow of the Glen ya J. M. Synge (1903), na Sive ya John B. Keane (1959). Mwishoni nitamwita shahidi mmoja ambaye si mwandishi wa tamthilia, bali ni mwanamke aliyeposwa kweli.

Mila ya mwaka gani?

Sisi wanafunzi wa fasihi tunalipenda sana neno "mila". Tukilitaja tunajiona tumeshaeleza kila kitu. Lakini mila ina umri, na mila ya ndoa ya Kiayalandi imewahi kugeuka kichwa chini miguu juu.

Katika sheria za kale za Ayalandi, zile zilizoandikwa takriban mwaka 700 kuhusu ndoa na mali ya wanandoa, mwanamume ndiye aliyetoa. Malipo hayo yaliitwa coibche, na baba wa binti ndiye aliyeyapokea katika ndoa ya kwanza. Mwanamke akiolewa tena, fungu lake mwenyewe liliongezeka. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili halina ugeni. Hiyo tunaweza kuiita mahari bila kukosea sana. Lakini karne nyingi baadaye, katika vijiji vya wakulima wa karne ya 19, mambo ni kinyume. Sasa baba wa binti ndiye anayetoa, na kitu hicho huitwa spré: fedha, ng'ombe au vyote viwili, ambavyo binti huingia navyo katika nyumba ya mume. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa jambo hili, na pengo hilo ndilo lililoniangusha semina. Nilikuta mali ya ndoa, nikaipachika jina la mahari, na mara moja mwelekeo wa tamthilia nzima ukapinduka kichwani mwangu.

Spré ilifanya kazi gani? Mkulima mwenye watoto sita alikuwa na shamba moja tu. Mwana mmoja ndiye aliyelirithi, na mke wa mwana huyo ndiye aliyekuja na fedha. Fedha hizo hazikuwa zake wala za mumewe. Zilikwenda kwa baba mkwe, naye akazitumia kumwozesha binti yake mwenyewe kwingineko, au kumpa mwana mdogo nauli ya Marekani. Wazazi wakahamia chumba cha magharibi cha nyumba hiyohiyo, wakamwachia mkaza mwana jiko. Kwa hiyo spré ya msichana mmoja ilizunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Shamba lilikaa palepale. Wasichana ndio waliotembea.

Mzunguko huu uliendeshwa na mshenga, basadóir kwa lugha yao. Alikuja usiku na chupa ya wiski, wakakaa kuzungumza, na baada ya siku chache baba wa binti akaenda kulikagua shamba la mkwe: udongo, maji, idadi ya ng'ombe. Simulizi za vijijini zinacheka kuhusu bwana harusi aliyeazima ng'ombe wa jirani ili zizi lionekane limejaa siku ya ukaguzi. Wakikubaliana, walikwenda kwa mwanasheria kuandikishana.

Je, ilikuwa hivyo tangu zamani? Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. William Carleton, katika hadithi yake "Shane Fadh's Wedding" iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1830, anatuonyesha vijana wanaotoroshana kwanza, kisha wazazi wanapatana, kisha harusi inapigwa kwa kelele na mbio za farasi za kushindania chupa. Watu maskini wa wakati huo waliweza kuoana mapema kwa sababu kipande kidogo cha ardhi na viazi vilitosha kulisha familia. Halafu ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Viazi vilioza ardhini. Nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 ilibaki na milioni 6 na nusu hivi mwaka 1851. Kiasi cha milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakahama. Waliobaki walijifunza somo moja kali: usigawe shamba. Tangu hapo ndoa ikasubiri shamba, na shamba likasubiri mzee akubali kuliachia. Sensa ya 1911 ilikuta zaidi ya robo ya wanaume wenye umri wa miaka 45 hadi 54 hawajaoa.

Najua mtu atanipinga kwa kunitajia Brian Merriman, ambaye utenzi wake Cúirt an Mheán Oíche wa mnamo 1780 tayari unamsikiliza msichana akilalamika mbele ya mahakama ya malkia wa mazimwi kwamba vijana wa kiume hawaoi, na wakioa wanafuata vikongwe wenye mali. Pingamizi hilo ni la haki. Wakulima wenye nafasi walikuwa na ndoa za fedha kabla ya Njaa. Ninachosema ni kwamba Njaa haikuizaa posa ya fedha. Iliichukua kutoka kwa wenye nafasi na kuieneza kwa kila mwenye ekari chache.

Majira ya harusi na wageni wasioalikwa

Kabla sijaingia katika tamthilia, kuna mila mbili za harusi ambazo msomaji azishike, kwani nitazihitaji.

Ya kwanza inahusu majira. Kanisa Katoliki halikufungisha ndoa katika Kwaresima, kwa hiyo wiki za kabla ya Jumatano ya Majivu ndizo zilizokuwa msimu wa kuoana, na Jumanne ya mwisho ilikuwa na pilikapilika kuliko zote. Aliyepitwa alichekwa. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima vijana waliwachora chaki mgongoni makapera walipokuwa wakienda kanisani. Huko Cork na Kerry zilitungwa beti za kejeli zilizowaoanisha kwa mzaha wasiooana, ati wapelekwe kwenye visiwa vya Skellig, ambako ilisemekana kalenda ilichelewa na bado kulikuwa na nafasi ya kufunga ndoa. Tucheke, lakini tukumbuke kwamba katika nchi ambamo shamba lilimzuia mtu kuoa, chaki hiyo ilimwaibisha mtu kwa kosa lisilo lake.

Ya pili ni ya wageni wasioalikwa. Usiku wa harusi, baada ya bibi harusi kupokewa na pengine kuvunjiwa mkate juu ya kichwa kwa ajili ya baraka, vijana waliojifunika nyuso kwa vinyago vya mabua makavu walibisha hodi. Hakuna aliyewaalika, na hakuna aliyetakiwa kujua ni nani. Kiongozi wao alicheza na bibi harusi, wakanywa kidogo, wakaondoka. Kuwafukuza ilikuwa mkosi. Walipokewa vizuri ili walete heri. Nashikilia kwamba mgeni huyu asiyealikwa ndiye aliyewapa watunzi wa tamthilia za Ayalandi msuko wao. Mtazame katika kazi zote tatu: nyumba inazungumzia ndoa na fedha, mlango unafunguliwa, anaingia mtu wa njiani.

Pauni 100 za Delia Cahel

Cathleen ni Houlihan imewekwa karibu na Killala mwaka 1798, wakati askari wa Ufaransa wanaposhuka pwani kuwasaidia waasi. Kesho Michael Gillane anamwoa Delia Cahel. Mama yake, Bridget, anafungua nguo mpya za harusi. Baba yake, Peter, anamimina mezani pauni 100 zilizotoka kwa baba wa Delia na kuzihesabu kwa furaha. Anasimulia jinsi Cahel alivyotaka kubaki na nusu mpaka mtoto wa kwanza wa kiume azaliwe, na jinsi yeye alivyokataa katakata. Atakodi ekari kumi na kununua mifugo. Na mdogo wake Michael, Patrick, pengine atasomeshwa aje kuwa padri. Onyesho hili limeandikwa na mtu aliyeijua posa kwa ndani. Wachunguzi waliokagua miswada wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ya wanakijiji ni kazi ya Lady Gregory, ingawa kwa miaka mingi jalada lilibeba jina la Yeats peke yake. Hilo nalo ni jambo la mwanamke na sauti yake, lakini tuliache kwa sasa.

Kuna kipengele kidogo ambacho katika semina tulikiruka. Peter anasema angetamani yeye naye angepata fedha kama hizo kwa mke aliyemwoa. Bridget anakasirika na kumjibu: kama sikuja na kingi, nilifanya kazi. Hapo pana historia nzima ya posa katika majibizano ya mume na mke. Mwanamke aliyeingia na spré ndogo hulipa tofauti kwa mgongo wake maisha yake yote, na bado anasimangwa uzeeni.

Kisha mgeni anaingia. Ni bibi kizee anayelalamika kwamba wageni wamemnyang'anya mashamba yake manne ya kijani, yaani majimbo manne ya Ayalandi. Peter anampa shilingi, anaikataa. Hataki fedha, anataka mtu mzima. Michael anasikiliza, na hatimaye hakumbuki tena hata harusi yenyewe. Mama yake analazimika kumwambia nguo zile ni za nini. Delia anaingia mbio, anamwita, Michael anasita, sauti ya bibi kizee inasikika nje, naye anatoka. Patrick anapoulizwa kama amemwona kizee njiani, anajibu kwamba ameona msichana mwenye mwendo wa malkia.

Kizalendo, tamthilia hii ina nguvu sana. Lakini sasa nijibu swali la dada yangu. Delia alisema nini? Alisema sentensi chache, na zote zinamsihi Michael asimsahau. Katika posa alizungumziwa na baba yake na baba mkwe wake. Katika siasa ameshindwa na mwanamke mwingine ambaye si mtu bali ni nchi. Pauni 100 zimebaki nyumbani, bwana harusi ameondoka, naye Delia amebaki akilia mikononi mwa Bridget. Pazia linafungwa na hakuna anayeuliza Delia atakwenda wapi. Nimejiuliza kwa nini harusi hii iko Agosti wakati msimu wa kuoana ni kabla ya Kwaresima. Jibu ni rahisi: meli za Wafaransa zilifika Agosti. Hata tarehe ya harusi yake Delia hakuruhusiwa kuwa nayo. Amepangiwa na historia ya taifa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo udhaifu wa kimaudhui ulipo. Waandishi wamelinganisha fedha za posa na damu ya ukombozi, wakatuambia tuchague. Nani atachagua fedha? Lakini ulinganisho huo unafaulu kwa sababu tu bibi harusi hayumo katika mizani.

Nora na sarafu za marehemu asiyekufa

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1903, kikundi kilekile cha harakati za tamthilia kilicheza In the Shadow of the Glen. Synge anaanza pale ambapo tamthilia ya kwanza isingefika: miaka mingi baada ya harusi. Katika bonde la upweke huko Wicklow, mzee Dan Burke amelala kitandani akijifanya amekufa ili amvizie mkewe Nora, ambaye ni kijana kuliko yeye. Msafiri maskini anabisha hodi wakati wa mvua. Mgeni asiyealikwa huyo!

Nora anaeleza mwenyewe kwa nini aliolewa na mzee yule: angeishije uzeeni kama asingeolewa na mwanamume mwenye kishamba, ng'ombe na kondoo mlimani? Anasema bila kujitetea. Kwa mara ya kwanza katika kazi hizi tunasikia hesabu ya posa ikisemwa na yule aliyehesabiwa. Wakati huohuo Michael Dara, mchungaji kijana anayetaka kumrithi, yuko mezani akizipanga kwa mafungu sarafu za "marehemu". Angalia jukwaa: mwanamke anasimulia upweke wake, mwanamume anahesabu. Nora anazungumza na mtu ambaye masikio yake yako katika sarafu. Sijaona bado maelezo ya jukwaa yanayoieleza posa kwa ukali kuliko haya.

Dan anapofufuka, anamfukuza mkewe. Michael Dara, aliyetaka kumwoa dakika tano zilizopita, anashauri aende nyumba ya maskini. Ni yule mtu wa njiani anayemwambia twende, naye Nora anatoka naye. Wanaobaki ndani ni Dan na Michael Dara, nao wanakaa pamoja kunywa wiski. Wanaume wawili, meza, chupa. Kwa macho yangu hiyo ni picha ileile ya usiku wa posa, isipokuwa hakuna tena binti wa kuzungumziwa.

Tamthilia hii iliwakera wazalendo. Arthur Griffith aliishambulia gazetini kwamba inawatukana wanawake wa Ayalandi, ati mwanamke wa Kiayalandi haachi nyumba yake. Na Maud Gonne, yuleyule aliyeigiza bibi kizee katika Cathleen ni Houlihan mwaka 1902, alikuwa miongoni mwa waliotoka ukumbini kwa kuipinga. Hebu tulitafakari hili bila kumdhihaki mtu. Jukwaani, mwanamume alipoiacha nyumba na mchumba kwa wito wa mgeni, hadhira ilishangilia. Mwanamke alipoiacha nyumba kwa wito wa mgeni, ilikuwa kashfa. Mlango ni uleule.

Sive: pale fedha zilipogeuka njia

Sive ilichezwa Listowel, Kerry, mwezi Februari 1959, na kikundi cha pale mjini, baada ya jumba la taifa, Abbey, kuikataa. Keane alikuwa na baa mjini hapo, na mazungumzo yake yana harufu ya mahali hapo. Sive ni msichana wa shule asiye na baba wala mama, anayelelewa na bibi yake, mjomba wake Mike na mke wa mjomba, Mena. Mshenga Thomasheen Seán Rua analeta posa ya mkulima mzee, Seán Dóta. Sive anampenda fundi seremala kijana, Liam Scuab.

Kwa kuwa sasa nimejifunza kuuliza nani anampa nani, nilishtuka. Hapa fedha zimegeuka njia. Sive ni maskini, hana spré, na mzee hadai spré. Yeye ndiye anayelipa, na wanaolipwa ni mshenga na Mena. Juu ya hayo Mena atapata nyumba isiyo na mama mkwe, kwani bibi kizee ataondoka pamoja na mjukuu wake. Kumbe lile kosa langu la semina, la kuona binti akiuzwa, lingekuwa sahihi kama ningelisemea tamthilia hii! Lakini tusiharakishe kusema kwamba coibche ya kale imerudi. Sheria ya kale ilimtambua baba wa binti mbele ya jamii, na mwanamke mwenyewe alikuwa na fungu lililoongezeka. Hapa malipo ni ya siri, chini ya meza. Ni ganda la mila, kiini kimeshaliwa.

Keane amefaulu pia kumchora Mena. Ingekuwa rahisi kumfanya shetani. Lakini yeye mwenyewe alitoka katika umaskini, akaingia katika ndoa kwa hesabu, akavumilia mama mkwe jikoni mwake kwa miaka. Anampa Sive ushauri kwa maneno yanayokaribia upendo, na nadhani anaamini kwamba anamwokoa. Mena ni Bridget aliyechoka kusimangwa.

Wageni wasioalikwa wapo: Pats Bocock na mwanawe Carthalawn, Wasafiri, watu wa jamii ile ya mafundi wa masufuria wanaohama na familia zao. Wanaingia na ngoma na nyimbo, wanambariki anayestahili na kumlaani Mena. Katika tamthilia ya Yeats mgeni alimchukua bwana harusi. Katika ya Synge alimchukua mke. Pats na Carthalawn hawawezi kumchukua mtu. Wanaleta barua ya Liam ya kumtorosha Sive, nayo inaangukia mikononi mwa Mike na kuchomwa. Usiku wa kuamkia harusi Sive anakimbia, anatumbukia katika kinamasi, na Liam anamrudisha amekufa. Seán Dóta na mshenga wanachomoka kimyakimya. Carthalawn anaimba.

Na Sive alisema nini? Alisema hataki. Alisema wazi, zaidi ya mara moja. Tofauti ya Delia na Sive ni kwamba Delia hakuulizwa, na Sive alijibu bila kusikilizwa. Sijui lipi ni baya zaidi.

Shahidi: Peig Sayers

Tamthilia zote hizi ziliandikwa na wanaume, ukiacha mkono uliofichwa wa Lady Gregory. Kwa hiyo namwita Peig Sayers, aliyezaliwa Dunquin, Kerry, mwaka 1873. Kitabu chake, Peig, kilitoka kwa Kiayalandi mwaka 1936. Alimsimulia mwanawe Mícheál, naye akaandika.

Peig alikuwa mtumishi wa ndani. Tumaini lake lilikuwa Marekani. Rafiki yake aliyetangulia aliahidi kumtumia nauli, lakini akaumia mkono na fedha hazikuja. Ndipo usiku mmoja wakaingia wanaume watatu nyumbani kwao na chupa. Peig anatuambia kwamba alipowatazama hakujua ni yupi kati yao aliyekuja kumposa! Baba yake alipomtaka jibu, alikubali. Siku chache baadaye akawa ameolewa na kuvushwa kwenda kisiwa cha Great Blasket. Huo ulikuwa mwaka 1892.

Mhakiki wa haraka atasema: huyo hapo, mwathirika wa mila. Nilitaka kuandika hivyo. Lakini Peig hajisimulii kama mwathirika. Anaeleza hesabu yake: kama si mume, ni kurudi kutumikia katika nyumba za watu. Kati ya bwana wa kazi na mume asiyemjua, alichagua mwenye jiko atakaloliita lake. Baadaye anamsema mumewe kwa wema. Uhuru wa uchaguzi huo ulikuwa mdogo kama tundu la sindano, lakini ulikuwa wake, na ameueleza mwenyewe. Hakuna mgeni aliyeingia kusema kwa niaba yake. Ni kweli kwamba hata sauti hii imepitia kwa mwanawe na kwa mhariri kabla ya kutufikia. Lakini yeye yumo ndani ya nyumba, anawatazama wale wanaume watatu, na sisi tunatazama kwa macho yake. Hilo ndilo nililolikosa kwa Delia.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba posa ya Kiayalandi si mila moja isiyobadilika. Ilikuwa na njia yake katika sheria za kale, ikapinduka, ikakazwa na Njaa Kuu, na kufikia wakati wa Keane ilikuwa imebaki biashara ya gizani. Waandishi waliipokea kila mmoja kwa namna yake. Yeats na Lady Gregory waliitumia kama kitu cha kukataliwa ili taifa lipendeze. Synge alimwachia mwanamke aeleze bei aliyoilipa. Keane alimpa binti neno la kukataa na akatuonyesha nyumba isiyo na masikio. Wote watatu walimwita mgeni asiyealikwa, nami naona walimwita kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na mtu wa kulisema lile ambalo bibi harusi alitakiwa kulisema.

Je, nawalaumu? Kwa kiasi fulani. Mtunzi anayeweza kuzimimina pauni 100 mezani kwa ustadi ule angeweza kumpa Delia nusu ukurasa.

Dada yangu nilimsomea rasimu ya makala haya. Alisikiliza hadi kwa Peig, pale penye wanaume watatu na chupa, akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba siku ile wazee walipokuja kwetu, yeye alikuwa chumba cha pili akiwasikia wakikohoa, na alimtambua mchumba wake kwa kikohozi. "Mimi angalau nilikijua kikohozi," akasema. Nami nilikuwapo nyumbani siku ile, nikipeleka soda kwa wageni, na sikuwahi kumwuliza kitu mpaka nilipotumwa na tamthilia ya Ayalandi.

Wenzangu mnaoshikilia kwamba Cathleen ni Houlihan ni tamthilia ya ukombozi na basi, ukurasa uko wazi. Naomba mnijibu katika toleo lijalo. Ila mkianza, anzeni kwa Delia.